Mama na Mkwe Wake Kwenye Nchi ya Wamaya

Mama yangu na mume wangu wamesafiri pamoja mpaka upande wa pili wa dunia bila kutazamana usoni. Nasema haya nikiwa mtu aliyekuwa katikati yao, mfuko wa nepi begani, nikimwambia huyu "mama anasema" na yule "mkwe wako anauliza," mpaka ulimi ukanikauka. Watu wakisikia nilikwenda Guatemala kuona magofu ya Wamaya hunionea wivu. Ngojeni kwanza niwaeleze nilikwenda na nani.

Kwetu magharibi ya Kenya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Si chuki. Ni heshima, na kadiri wanavyopendana ndivyo wanavyokimbiana zaidi. Aibu hiyo huondolewa kwa sherehe: mkwe anampa mama blanketi, mama anampa mkwe kuku, shangazi wa binti anashuhudia, watu wanakula, na kuanzia hapo wanaweza kusalimiana kama binadamu wengine. Sisi sherehe hiyo hatukuwahi kuifanya. Tulifunga ndoa kanisani katika likizo fupi, tukarudi Doha mbio kazini, na kila mwaka tukasema itakuwa mwaka ujao.

Mume wangu anafanya kazi uwanja wa ndege, mimi ni muuguzi, na tunakaa mtaa wa Najma, juu ya duka la fundi wa mapazia. Mtoto wetu alikuja baada ya kungojwa sana, msichana mnene mwenye hasira zangu na masikio ya baba yake. Tulikuwa na yaya kutoka Uganda, dada ambaye sina neno baya juu yake, ila alipata mchumba akarudi Kampala kuolewa. Papo hapo kazini wakanirudisha zamu za usiku. Mume wangu naye zamu zake hazina mbele wala nyuma. Nikamwita mama.

Mama akaja, akamkumbatia mtoto akamwita "mama yangu," kwa sababu tumempa jina la mama yake mzazi. Nikadhani shida imekwisha. Imekwisha wapi! Jua lilipoanza kushuka, mama alivaa viatu. Hawezi kulala nyumba ya mkwe, akasema, nimtafutie pa kulala, na pa kulala pakawa kwa binamu yangu, mtaa wa Abu Hamour. Kila asubuhi analetwa, kila jioni anaondoka kabla mume wangu hajafika. Siku ambazo mume wangu aliwahi kutoka, alikuta viatu vya mama mlangoni, akageuka, akashuka kwenda kunywa karak, chai ya maziwa na iliki, kwenye kibanda cha kona, kikombe juu ya kikombe, mpaka nimpigie simu kwamba njia imefunguka. Mwenye kibanda alianza kudhani mimi ni mke mkali ninayemfukuza mume nyumbani.

Kwa hiyo mchana nilikuwa na mtu, usiku sina mtu, na zamu zangu ni za usiku. Mtoto wangu simwachii mtu nisiyemjua, hata aje na barua ya askofu. Likabaki jambo moja, lile wanalolifanya wengi wetu hapa: mtoto aende Kenya na bibi yake, alelewe huko, mimi nimwone nikipata likizo. Nawajua wanawake wengi Doha ambao watoto wao wanaishi ndani ya simu. Unawakuta wakati wa mapumziko wamejificha stoo, wanaimba nyimbo za kitoto kwenye kioo. Sikutaka kuwa mmoja wao, na tiketi ya mama na mtoto ilikuwa imeshakatwa.

Sikukubali kimya kimya. Ijumaa moja, baada ya ibada kule Mesaimeer, nilimpeleka mama kwa mzee wa kanisa, mtu wa kwetu kabisa, amwambie kwamba mambo haya ya kukimbiana yamepitwa na wakati. Mzee akaeleza vizuri, na mistari ya Biblia akaitoa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Na wewe, mama mkwe wako analala kwako?" Mzee akakohoa. "Asante sana," mama akasema, tukaenda kutafuta gari.

Safari ya Guatemala ilikuwa ndoto ya mume wangu. Wenzake wakitazama mpira, yeye anatazama video za piramidi zilizomezwa na msitu. Alijifunza hata Kihispania cha kuombea maji na kuulizia njia, kutoka kwa mfanyakazi mwenzake Mkolombia. Watu wa kazi yake hupata tiketi za viti vilivyobaki, na wanaruhusiwa kuchukua mke, mtoto na wazazi. Akasema, kabla mtoto hajaondoka, twende naye mahali, awe na picha na sisi. Aliposema hivyo niliingia bafuni nikafungulia maji nikalia. Sisi watu wa Ghuba likizo yetu si yetu. Ni ya nyumbani, ya masanduku ya zawadi na harusi za watu. Kwenda mahali kwa ajili ya kuona tu, bila mtu wa kumpelekea blenda, unajisikia umeiba. Nilitaka kuiba hata mara moja.

Nilidhani mama atatungojea Abu Hamour. "Mtoto aende msituni bila mimi?" akasema. "Mna wazimu nyinyi."

Vituko vilianza ndani ya ndege. Mimi na mtoto tulipewa kiti cha mbele, na kule nyuma mama na mume wangu wakapewa viti vinavyogusana. Niligeuka nikaona mume wangu amesimama njiani, kajinyoosha, hakai, na mama ameshajifunika leso kichwa kizima. Mhudumu anaomba watu wakae. Mume wangu anamweleza kwa mikono kwamba haiwezekani. Mhudumu akauliza kama wamegombana. Nikapaza sauti kutoka mbele, "Hawajagombana, wanaheshimiana!" Watu wakacheka, na baba mmoja Mfilipino akakubali kubadilishana na mume wangu. Mama alimlisha huyo baba karanga mpaka tukatua.

Tulibadilisha ndege, tukangoja, tukabadilisha tena, na mwishowe tukafika Flores, mji ulio juu ya kisiwa kidogo ndani ya ziwa linaloitwa Petén Itzá. Kisiwa kimeunganishwa na nchi kavu kwa barabara nyembamba, na unaweza kukizunguka chote kwa miguu kabla mtoto hajasinzia. Nyumba zimepakwa rangi za peremende, vichochoro vinashuka majini, na jioni watu wanakaa ukingoni wamening'iniza miguu, wanakula embe bichi lenye chumvi na pilipili. Embe lenye chumvi na pilipili! Mama aliponunua la kwanza akatazama angani akamshukuru Mungu. Nilipenda mji ule palepale, kama mtu anavyompenda jirani mpya.

Mume wangu alilala hoteli moja, mimi na mama na mtoto tukalala hoteli ya ng'ambo ya njia. Asubuhi alitoka kwenye roshani yake akanipungia mkono, nami nikampungia. Wenye hoteli walinionea huruma. Tangu tuoane tulikuwa tunasema tutakwenda fungate siku moja, na fungate yenyewe ndiyo hiyo, nimelala na mama yangu anayekoroma.

Tulikwenda Tikal mapema, mama amekaa mbele na dereva, mume wangu nyuma kabisa, mimi katikati nikiwa ukuta. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, Mmaya wa upande uleule, mwenye Kiingereza cha polepole. Jamani, msitu ule! Miti imepanda mpaka unasahau kuna mbingu, na huko juu kuna wanyama wananguruma kama simba. Mama aliposikia mara ya kwanza alimnyakua mtoto kutoka mgongoni kwangu akaanza kurudi tulikotoka. Tulipomwambia ni kima tu, wadogo wenye sauti kubwa, akasema watu wa namna hiyo anawafahamu.

Halafu msitu ukafunguka. Uwanja wa majani mafupi, na mahekalu mawili yanatazamana, mawe ya kijivu yamepandana mpaka shingo inauma kuyafuata, ngazi zimesimama wima. Niligeuka nione uso wa mume wangu, nikamkuta analia. Mtu mzima, anayeinama kupita milangoni, machozi yanamtiririka na hayafichi. Nikamshika mkono. Mama alitazama pembeni kwa adabu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkwe ana nini?" Nikasema amefurahi. "Basi mpe maji," akasema, akatoa chupa kwenye mfuko wake.

Mama alitaka kujua wenyewe walikwenda wapi. Mwongozaji akasema hawakwenda mahali. Mji ndio ulioachwa, watu hawakuisha. Akajipiga kifua. "Mimi hapa," akasema. Halafu akasimulia kwamba wazee wao husema mtu wa kwanza aliumbwa kwa unga wa mahindi. Nilipomtafsiria mama, alisimama. "Hilo nakubali bila kuonyeshwa," akasema. "Mwambie na sisi ni hao hao." Mwongozaji alifurahi mpaka akampa mkono, na mama akaushika kwa mikono yake miwili, akautikisa na kuutikisa. Mume wangu aliitazama ile mikono kwa muda, kisha akajifanya anapiga picha jiwe.

Hekalu refu kuliko yote linapandwa kwa ngazi za mbao zilizojengwa ubavuni. Mama alikataa kubaki chini. Akapanda akiimba pambio, anapumzika, anaimba tena. Juu tulikaa kwenye jiwe, msitu umetandazwa chini yetu mpaka macho yanachoka, na vilele vya mahekalu mengine vimechomoza katikati ya miti. Mume wangu kushoto, mama kulia, mimi katikati na mtoto mapajani, anapiga makofi kwa kila ndege anayepita. Nilifurahi, sijui niseme vipi, nilifurahi mpaka nikaogopa. Maana wiki iliyofuata mtoto yule angekuwa Bungoma, na mimi Doha, namwimbia kwenye kioo.

Kushuka ndiko kulikuwa kazi. Magoti ya mama yakakataa. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni. Mume wangu alikuwa chini yetu kidogo, mikono mitupu, mtu anayebeba masanduku ya watu siku nzima.

"Mama, mshike mkono tu," nikasema. "Hakuna mtu anayekujua huku!"

"Mimi najijua," mama akasema.

Akakaa chini, akakusanya leso yake vizuri, akaanza kushuka kwa makalio, kipandio baada ya kipandio. Mume wangu akageukia mawe ya hekalu, uso umegusa ukuta, asimwone mama mkwe katika hali ile. Watalii walisimama kumpisha, na alipofika chini wakampigia makofi. Mama akawapungia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini ndani nilikuwa nimekasirika, kwa sababu kama ngazi zile hazikumshinda, mimi nitamwezea wapi?

Kesho yake tulivuka ziwa kwenda San José, mji mdogo ulioegemea mlima upande wa pili, ambao mume wangu aliambiwa na mwongozaji kwamba ni mtulivu. Boti za pale ni nyembamba, mnakaa mmegusana magoti. Mama akaitazama boti, akamtazama mkwe, akaita boti ya pili. Tukavuka hivyo, boti mbili ubavu kwa ubavu, mume wangu peke yake na mabegi, mwenye boti yetu akiniuliza kwa ishara kama tumeachana. Maji yalikuwa ya kijani karibu na ukingo na ya buluu kule katikati, safi mpaka unaona mawe. Mama alichovya mkono akamnawisha mtoto uso, mtoto akapiga kelele za raha, na kutoka boti ya pili baba yake akamjibu kwa kelele zilezile.

Nyumba ya wageni tuliyoipata San José ilikuwa na vyumba viwili vizuri, kila kimoja na mlango wake. Mama alitoka nje, akarudi nyuma kidogo, akatazama juu.

"Paa ni moja," akasema.

Nikamwambia kuna ukuta katikati. "Sikusema ukuta," akajibu. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilimwambia, mbele ya mwenye nyumba, kwamba anayeninyang'anya mtoto si kazi wala zamu, ni yeye na paa lake. Mama alichukua mfuko wake, akavuka njia mpaka kwenye hoteli ya chakula iliyokuwa mkabala, akamwonyesha mama mwenye hoteli kwa kulaza shavu kwenye viganja kwamba anatafuta pa kulala. Yule mama akamwingiza ndani bila kuuliza swali.

Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta jikoni, mikono imejaa unga uliokandwa, anapiga tortiya, yaani vile vichapati vyao vya mahindi. Vyake vilikuwa vinene kama mandazi, na watu wa nyumba ile wanavicheka, naye anawacheka vyao vyembamba. Wanawake wale wawili hawakuwa na neno moja la pamoja, lakini walikuwa wanamsengenya mtu, nawaapia. Mama akanivuta pembeni, macho yamemtoka.

"Unamwona yule anayepasua kuni? Ni mkwe! Anaishi humu humu. Wamekula naye meza moja, yeye na mama mkwe!"

"Na jua limechomoza?" nikamwuliza.

"Limechomoza," akakiri, lakini kwa uso wa mtu aliyeshuhudia ajali. Nilipoanza kuomba radhi ya jana alinipaka unga puani, akaniambia nikamwogeshe mtoto.

Mchana mama mwenye hoteli alituchinjia kuku wa uani kwake, akatupikia supu yenye viazi na majani yenye harufu nzuri. Tulikaa meza mbili uani: sisi wanawake hapa, na mume wangu peke yake kule mwisho, ametugeuzia mgongo kwa adabu, anatazama ziwa. Mabakuli yakagawanywa. Langu likaja, nikalikoroga, na ndani, imeelea vizuri kabisa, ilikuwa firigisi.

Lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Unaweza kumnyima mume paja, unaweza kumnyima hata shingo, lakini firigisi huigusi. Mwanamke akiila na mume yupo, ametangaza kwamba nyumba hiyo haina mwanamume. Nimepika kuku tangu nipate akili zangu na sijawahi kuionja. Na siku ile nilikuwa na njaa, nilikuwa Guatemala, na nilikuwa na hasira na mila zote za dunia. Nikaiinua na kijiko.

"Wewe!"

Mama alipiga ukelele mpaka kuku waliobaki wakatawanyika. Kijiko kilinitoka mkononi sijui kimetokaje. "Ule firigisi na mkwe wangu amekaa pale? Ndivyo nilivyokulea? Watu hawa watamwonaje?" Na akaondoka nacho, kijiko mbele, kiganja kingine chini yake kukinga mchuzi, akavuka ua, akaizunguka ile meza mpaka mbele ya mume wangu, uso kwa uso, akaiweka firigisi kwenye bakuli lake.

"Kula, baba," akamwambia. "Huyu msichana hana adabu."

Halafu akasikia alichofanya. Akaganda, kijiko bado hewani. Mume wangu alikuwa amemtazama machoni, mara ya kwanza tangu anioe, na amesahau kufunga mdomo. Mama mwenye hoteli akatutazama mmoja mmoja, anatafuta ni nani amepatwa na msiba. Mama akarudi mbiombio, akakaa, akajifunika leso kichwani, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Nikainua ncha ya leso, nikamkuta anacheka mpaka hapumui.

"Nimejiaibisha," akasema. "Ya ndege nimeyaweza, ya ngazi nimeyaweza, halafu firigisi!"

Nikampigia shangazi simu ya video. Ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, na katika ukoo wetu mambo ya ndoa hayapiti bila yeye. Kwao giza lilikuwa limeshaingia. Akaja kwenye kioo na kitambaa cha kulalia. Nilimweleza yote, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alikaa sawa.

"Alimpa kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Kuku alichinjwa kwa ajili yao, au ni mabaki ya watu?"

"Alichinjwa leo, shangazi."

"Na mkwe ameila?"

Tuligeuka sote. Mume wangu alikuwa ameketi na ile firigisi mbele yake, hajui kama anaruhusiwa. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama.

"Mwambie ale, inapoa," mama akasema ndani ya leso.

Akala. Aliitafuna polepole, nimeelekeza simu kwenye taya zake, shangazi ameinamia kioo kule kwao.

"Basi," shangazi akasema. "Kuku ametolewa. Bado blanketi. Mkwe asikae tu hapo, ainuke."

Mume wangu alitoka mbio. Lakini San José, kwa joto lile, nani anauza blanketi? Yule mkwe mpasua kuni akaacha shoka akamfuata, na wakarudi wote wawili wanahema, wameleta nguo nzito iliyofumwa kwa mkono, nyekundu, yenye ndege wa njano pembeni. Sijui waliitoa kwa nani. Shangazi akataka isogezwe karibu na simu, akauliza kama inatia joto. "Inatia, shangazi," mume wangu akasema, jasho linamdondoka kidevuni. Shangazi akaamuru amfunike mama mabegani, tena amfunike vizuri, asimtupie tu. Mume wangu akamzungushia, akanyoosha pindo. Mama alisimama wima kama anayepimwa nguo na fundi. Nguo ilipokaa sawa, akatoa mkono wake wa kulia.

Wakashikana mikono. Sijui nani alianza vigelegele, mimi, au shangazi kwenye simu, au mama mwenye hoteli, ambaye mpaka leo hajui tulikuwa tunasherehekea nini. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Shangazi aliuliza kama kuku alikuwa mtamu, akasema sasa anakwenda kulala, akakata simu.

Tukaunganisha meza. Mama akakaa mkabala na mume wangu, nguo nzito mabegani, jasho linamtiririka na haivui. Walikuwa wameruhusiwa kuongea na hakuna aliyejua aanze wapi. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na sikuthubutu kulitoa, kwa sababu kushikana mikono ni jambo moja na kuishi pamoja ni jambo jingine, na tiketi ya Nairobi ilikuwa bado ipo. Nilimkumbatia mtoto nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza. Mume wangu akamsogezea mama chumvi. Mama akaipokea, akatia kwenye supu, akanywa, akapangusa mdomo, kisha akamtazama.

"Ile mashine yenu ya baridi kule Najma," akasema, "kitanda changu usikiweke chini yake. Mimi nina mifupa."

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Sawa, Mama," akasema. "Na cha mtoto?"

"Cha mtoto kitakuwa karibu na changu," mama akasema. "Ama wewe ulitaka alale wapi?"